Urefu kama Kungoja: Usomaji wa Riwaya ya Aniceti Kitereza kutoka Lugoba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki tajiriba ya kuisoma riwaya ndefu ya nasaba, kwa kurejelea *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ya Aniceti Kitereza (1980). Uhakiki wa riwaya hii umeelekea kuuona urefu wake ama kama hazina ya utamaduni wa Wakerewe ama kama kasoro ya msuko. Makala yanadai kwamba urefu huo ni tendo la kisanaa: unamfanya msomaji angoje pamoja na wahusika wanaongoja mtoto. Dai hilo linapimwa kwa kuisoma riwaya kutoka Lugoba, katika bara ya Bagamoyo, ambako jadi ya Wakwere ilihesabu nasaba kwa kufuata upande wa kukeni. Msomaji wa huko anakuta mapengo ambayo mwandishi hakuyakusudia, na kupitia mapengo hayo anagundua kungoja ambako riwaya, pamoja na urefu wake wote, haikukusimulia vya kutosha. Mkabala uliotumika ni nadharia ya upokezi, ukisaidiwa na dhana za wakati katika naratolojia.

1.0 Utangulizi

Aniceti Kitereza (1896–1981) alikamilisha kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, hadithi ya mume na mke wa Ukerewe waliopendana na kukosa mtoto. Ilipita miaka 35 kabla hadithi hiyo, ikiwa imeandikwa upya kwa Kiswahili na mwandishi mwenyewe, haijachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ilitoka katika majuzuu mawili yenye jumla ya kurasa zaidi ya 600. Baadaye ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig (1991 na 1993) na kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika (2002), ambaye naye ni mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe. Kuitaja riwaya hii katika orodha za historia ya fasihi ni rahisi. Kuimaliza ni kazi ya siku nyingi.

Mjadala wa kihakiki kuhusu kazi hii huzunguka swali moja: je, ni riwaya au ni ensaiklopidia ya utamaduni iliyovikwa vazi la hadithi? Wanaoisifu hutaja jinsi ilivyohifadhi maamkizi, kilimo, uvuvi, tiba, ndoa na mazishi ya Wakerewe kabla ya ukoloni. Wanaoilaumu husema kwamba maelezo hayo hayo huukwamisha msuko. Pande zote mbili huuona urefu kama kapu: moja hulisifu kwa kujaa, nyingine hulilaumu kwa uzito. Hakuna upande unaouliza kapu hilo linamfanya nini yule anayelibeba.

Makala haya yanaanzia kwenye swali hilo. Yanadai kwamba katika riwaya ya Kitereza urefu ndiyo njia ambayo msomaji huingizwa katika hali ya msingi ya hadithi, yaani kungoja. Dai hilo, hata hivyo, halitoshi likiachwa hewani, kwa kuwa hakuna msomaji asiye na mahali. Kwa sababu hiyo riwaya inasomwa hapa kutoka Lugoba, mbali na ziwa na migomba ya Ukerewe, katika eneo ambalo maana ya kukosa mtoto imefungamana na nasaba kwa namna nyingine.

2.0 Mkabala wa Usomaji

Hans Robert Jauss alipendekeza kwamba kila kazi ya fasihi hukutana na upeo wa matarajio wa wasomaji wake, na kwamba thamani yake huonekana katika umbali kati ya upeo huo na kazi yenyewe. Wolfgang Iser aliongeza kuwa matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa kutumia anayoyajua. Gérard Genette, kwa upande wake, alitofautisha muda wa matukio na muda wa usimulizi: muhtasari hupitisha miaka katika sentensi moja, onesho hulinganisha nyakati hizo mbili, na kituo husimamisha matukio ilhali maneno yanaendelea.

Dhana hizi zinafaa kwa riwaya ndefu kwa sababu moja ya wazi. Riwaya fupi inaweza kusomwa kwa kikao kimoja, na msomaji akaishika yote akilini. Riwaya ya kurasa 600 husomwa kwa vipindi: huwekwa chini, kazi za siku hufanyika, usingizi huja, kisha husomwa tena. Msomaji husahau, hukumbuka, na huzeeka kidogo pamoja nayo. Vipindi hivyo ambavyo kitabu kimefungwa ni sehemu ya usomaji.

Lugoba katika makala haya si sampuli ya utafiti wa uwandani. Ni mahali pa kusomea: seti ya matarajio kuhusu ukoo, ndoa na uzazi ambayo historia ya eneo hilo inaiweka mbele ya yeyote anayeisoma riwaya akiwa huko.

3.0 Jina Linalotoboa Siri

Jambo la kwanza ambalo msomaji hukutana nalo ni anwani, nayo inasema kila kitu. Inawataja mume na mke, kisha inawataja Ntulanalwo na Bulihwali. Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, msomaji ameshajua kwamba mtoto atapatikana, tena si mmoja bali wawili. Wahusika hawajui. Ndugu za Myombekere wanaomshinikiza kuhusu mke asiyezaa hawajui, wala wakwe wanaoudhika kwa maneno hayo na kumchukua binti yao hawajui.

Matokeo yake ni kwamba taharuki ya kawaida inaondolewa tangu jaladani. Msomaji haulizi kama mtoto atazaliwa. Anauliza itachukua muda gani, na nini kitavumiliwa njiani. Huu ni uamuzi wenye uzito. Mwandishi aliyetaka kumvuta msomaji kwa kamba ya fumbo asingelitaja jina la mtoto mlangoni. Kwa kufichua mwisho wa dhiki, Kitereza anamwachia msomaji kitu kimoja tu cha kukabiliana nacho, yaani muda wenyewe.

Majina yenyewe yanaongeza ugumu. Ntulanalwo hubeba maana ya mtu anayekaa na kifo daima, na Bulihwali ni swali kuhusu lini msiba utakwisha. Watoto waliongojewa kwa kurasa nyingi wanafika wakiwa wamepewa majina ya huzuni. Methali ya Kiswahili husema subira huvuta heri. Riwaya haiikanushi, lakini inaonesha kwamba heri hiyo huja ikiwa imefungwa fundo moja na hofu ya kuipoteza. Ndiyo maana hadithi haikomi mtoto anapozaliwa. Katika ngano, kuzaliwa kwa mtoto kungetosha kuwa hitimisho. Katika riwaya ya nasaba, kuzaliwa ni mwanzo wa kungoja kwingine: je, ataishi, ataoa, atazaa?

4.0 Pombe, Maamkizi na Mwendo wa Usimulizi

Mfano ulio bora wa jinsi urefu unavyofanya kazi ni safari ya Myombekere ya kumrejesha mkewe. Kwa muhtasari, tukio ni dogo: mume anakwenda ukweni, anaomba radhi, anatozwa pombe ya ndizi, anailipa, anampata mke wake. Mwandishi mwingine angelimaliza kwa ukurasa mmoja. Kitereza anachagua kutofanya muhtasari. Maamkizi yanatolewa kwa ukamilifu. Ndizi hazigeuki pombe kwa amri ya msimulizi. Zinapaswa kuivishwa, kukamuliwa na kuachwa zichachuke, na kila hatua ina watu wake, vyombo vyake na siku zake.

Msomaji asiye na subira huiita sehemu hii kituo, yaani maelezo yanayosimamisha matukio. Uchunguzi wa karibu unaonesha kinyume. Pombe ndiyo tukio. Adhabu aliyopewa Myombekere ni adhabu ya muda: anatakiwa kutumia siku na nguvu zake ili ioneshwe kwamba mke huyo ana thamani ya siku na nguvu hizo. Kama msimulizi angezifupisha, angekuwa anamsamehe Myombekere kabla wakwe hawajamsamehe. Msomaji anatozwa pamoja naye.

Hapa ulinganisho na riwaya inayofahamika zaidi madarasani unasaidia. *Takadini* ya Ben Hanson, ambayo imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania, nayo huanza na mke aliyekaa muda mrefu bila mtoto. Lakini miaka ya Sekai ya kungoja hushughulikiwa kwa kurasa chache kabla ya msuko kuhamia kwenye hatima ya mtoto mwenye ualbino na ujasiri wa mama yake. Uamuzi huo unafaa kwa lengo la riwaya hiyo, ambayo inauliza swali la haki. Msomaji anaelewa kwamba Sekai alingoja. Msomaji wa Kitereza halazimiki kuambiwa, amengoja mwenyewe.

Marudio nayo yana kazi. Katika juzuu zote mbili maamkizi, mialiko na ushauri hurudi kwa maumbo yanayofanana. Kwa msomaji wa kikao kimoja marudio hayo ni mzigo. Kwa msomaji wa vipindi ni vigingi: anaporudi baada ya siku tatu akiwa amesahau nani alimkosea nani, adabu ya maamkizi humrudisha mahali pake. Mbinu hii inatokana na masimulizi ya mdomo, ambamo hadhira hubadilika na msikilizaji huweza kuchelewa. Kitereza aliihamishia kwenye maandishi marefu, nayo ikapata kazi mpya ya kuhudumia kumbukumbu inayokatikakatika.

Ulinganisho na riwaya za nasaba za kwingineko unaonesha upekee wa mwendo huu. *Miaka Mia ya Upweke* ya Gabriel García Márquez (1967) hupitisha vizazi saba vya ukoo wa Buendía katika kitabu kifupi kuliko hiki. *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi (2014) huruka kutoka Buganda ya mwaka 1750 hadi Uganda ya karne ya 21 ili kufuatilia laana moja. Kazi hizo hutazama nasaba kutoka mbali, ambako vizazi huonekana kama mawimbi. Kitereza anatumia urefu mkubwa zaidi kwa vizazi viwili. Anaitazama nasaba kutoka mahali ambapo kizazi kimoja bado hakijajua kama kutakuwa na kinachofuata.

5.0 Lugoba: Mjomba Yuko Wapi?

Lugoba ipo katika Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera. Ni bara ya Bagamoyo, eneo la Wakwere wanaopakana na kuchanganyika na Wazigua, Wadoe na Waluguru. T. O. Beidelman (1967) aliwaweka Wakwere, pamoja na Wazaramo, Waluguru na Wakaguru, katika kundi la jamii za mashariki mwa Tanzania zilizofuata nasaba ya kukeni. Katika mpangilio huo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume huwatazama watoto wa dada yake kama warithi wa ukoo wake. Uislamu, Ukristo, shule, ndoa za mchanganyiko na biashara ya barabarani vimebadilisha mengi, na sheria za mirathi zinazofuatwa leo si zile za jadi. Hata hivyo, uzito wa mjomba katika mazungumzo ya ndoa na msiba haujafutika, na huo ndio sehemu ya upeo wa matarajio ambao msomaji huingia nao katika riwaya.

Wakerewe wa Kitereza wanafuata nasaba ya kuumeni, na mantiki ya mgogoro mzima imejengwa juu ya ukweli huo. Ndugu za Myombekere wana haki ya kulalamika kwa sababu tumbo la Bugonoka linapaswa kuendeleza ukoo wao. Riwaya haielezi jambo hili. Inaeleza kwa kina jinsi pombe inavyotengenezwa, lakini haielezi kwa nini mtoto ni wa upande wa baba, kwa kuwa kwa msimulizi hilo halihitaji maelezo. Hilo ndilo pengo katika maana ya Iser: matini ndefu kupita kiasi, iliyoandikwa ili vizazi vijavyo vielewe kila kitu, inanyamaza kuhusu msingi wake.

Msomaji wa Lugoba anaugundua ukimya huo mapema. Anapoona ndugu wa mume wakifadhaika, swali lake la kwanza linaweza kuwa: wao wanapungukiwa nini? Kwa mantiki ya kukeni, mwanamume asiyezaa na mkewe hajauzima ukoo wake mradi dada zake wanazaa. Anayepungukiwa ni ukoo wa Bugonoka. Na anapoona baba wa Bugonoka akimrudisha binti yake nyumbani, swali la pili linafuata: mjomba yuko wapi? Kwa nini neno la mwisho si la kaka wa mama?

Inaweza kudaiwa kwamba huu ni usomaji potofu. Msomaji mwangalifu anapaswa kuacha desturi zake mlangoni na kuikubali Ukerewe kama ilivyo. Pingamizi hili lina ukweli, na urefu wa riwaya ndio unaolijibu. Katika kazi fupi, msomaji aliyekosea kuhusu ukoo angemaliza akiwa bado amekosea. Katika kurasa 600 anarekebishwa hatua kwa hatua, bila kufundishwa kwa maneno. Kila mazungumzo ya wakwe, kila mgawanyo wa nyama na kila ushauri wa wazee humwonesha tena nani ana sauti na nani hana. Ifikapo juzuu ya pili, ambamo Ntulanalwo na Bulihwali wanakua na kuingia katika maisha ya utu uzima, ameshajifunza nasaba ya kuumeni kama mgeni anavyojifunza njia za kijiji, kwa kupotea kwanza. Lakini swali alilokuja nalo halifi. Linabaki kama kipimo cha kile ambacho riwaya haikukiona.

6.0 Mtoto wa Mti na Kungoja Ndani

Pwani na bara yake zina taasisi yao ya kungoja uzazi. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, umbo dogo la mti lisilo na mikono, lenye kichwa kilichochongwa mfano wa mtindo wa nywele wenye vishungi. Mwali alilitunza kama mtoto: kuliosha, kulipaka mafuta, kulishughulikia nywele. Marja-Liisa Swantz (1970), aliyeandika kwa kina kuhusu mila na alama za Wazaramo, alionesha jinsi umbo hilo lilivyofungamana na uzazi na mwendelezo wa ukoo. Uzembe katika kulitunza uliogopwa, kwani uliweza kuhusishwa na utasa baadaye.

Ukilinganisha taasisi hiyo na riwaya, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni mfanano. Kuwekwa ndani ni elimu inayopatikana kwa kukaa. Mwali hafupishiwi. Nyimbo hurudiwa, mafunzo hurudiwa, siku hufanana, na kufanana huko ndiko kunakomfinyanga. Msomaji aliyekulia karibu na mila hii, hata kama yeye mwenyewe hakuipitia, ana kielelezo cha kupokea urefu ambacho msomaji aliyezoea msuko wa haraka hana. Sura ndefu kuhusu dawa na miiko ya tiba ya Bugonoka hazimshangazi. Anatambua kwamba maarifa ya uzazi hayatolewi kwa mkato.

La pili ni tofauti, nayo inaumiza zaidi. Katika mila ya mwana hiti, anayengoja na anayesimamia kungoja wote ni wanawake. Muda ni wao. Katika riwaya ya Kitereza, muda wa kutengana kwa wanandoa unafuatwa kwa kiasi kikubwa upande wa mume. Msomaji anaijua kazi ya Myombekere ya kupata pombe kwa hatua zake zote. Anajua upweke wa nyumba isiyo na mke. Siku za Bugonoka kwa wazazi wake, siku za mwanamke aliyerudishwa nyumbani bila mtoto mgongoni wala tumboni, hazikupewa upana huo huo. Anasemewa, anaombewa radhi, analipiwa pombe, anatibiwa. Kungoja kwake, ambako ndiko kiini cha hadithi, kunabaki kama chumba ambacho msimulizi anapita mlangoni bila kuingia.

Hapa ndipo dai la makala linapokutana na mpaka wake. Ikiwa urefu ni tendo la kumfanya msomaji angoje, lazima iulizwe anangoja pamoja na nani. Jibu la uaminifu ni kwamba mara nyingi anangoja pamoja na Myombekere. Kasoro hiyo haitokani na wingi wa maelezo, kama wakosoaji wa msuko wanavyodai. Inatokana na upungufu wa maelezo mahali mahususi. Riwaya hii inayolaumiwa kwa kuwa ndefu mno ni fupi mno kuhusu Bugonoka.

7.0 Gharama ya Urefu

Ni sharti ikubalike pia kwamba si kila ukurasa una nguvu sawa. Juzuu ya kwanza ina swali moja linaloibana: mtoto. Baada ya watoto kupatikana, mkazo hulegea, na visa vya maisha yao hufuatana bila kubanwa na swali moja la namna hiyo. Kisa cha Ntulanalwo na chatu, kilichompa mtafsiri wa Kijerumani anwani ya juzuu ya pili, kina mvuto wake, lakini ni mvuto wa tukio moja. Msomaji aliyezoeshwa kungoja kitu hujikuta akingoja bila kujua anangoja nini. Inawezekana kutetea hali hiyo kama uhalisi, kwa kuwa maisha baada ya heri kubwa huwa hivyo. Lakini utetezi huo hauwezi kufunika kila kurasa iliyopwaya.

Gharama nyingine iko nje ya matini. Orodha za vitabu teule vya shule hupendelea kazi zinazoweza kumalizwa ndani ya muhula, na mtihani huuliza dhamira na fani kwa namna inayoweza kujibiwa kwa muhtasari. Riwaya ambayo maana yake imo katika muda wa kuisoma haiwezi kutahiniwa hivyo, kwa sababu muhtasari wake huondoa kile hasa kinachostahili kusomwa. Mwanafunzi wa Lugoba, kama mwenzake wa Nansio, anaweza kuhitimu akijua jina la Kitereza bila kuwahi kungoja naye. Tatizo hilo linawahusu pia walimu wa vyuo vikuu wanaofundisha historia ya riwaya ya Kiswahili kwa dondoo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba urefu wa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* hauelezeki kwa kuuita hazina wala kwa kuuita kasoro. Anwani inaondoa taharuki ili muda ubaki peke yake; pombe na maamkizi vinamtoza msomaji siku zile zile anazotozwa mhusika; marudio yanahudumia kumbukumbu ya usomaji wa vipindi. Usomaji kutoka Lugoba umefichua mambo mawili ambayo usomaji usio na mahali huyapita: ukimya wa matini kuhusu msingi wake wa kuumeni, na ufinyu wa nafasi iliyopewa kungoja kwa mwanamke.

Kutokana na hayo, uhakiki wa riwaya ndefu za Kiswahili ungefaidika kwa kuuliza, pamoja na kazi inasema nini, inamchukulia msomaji muda gani na inautumia muda huo kwa ajili ya nani. Kitereza alingoja miaka 35 ili kitabu chake kichapishwe, na mwaka uliofuata akafariki. Wajibu mdogo kabisa ambao wasomi wanaweza kuutimiza kwa kazi ya namna hiyo ni kuisoma hadi mwisho, kisha kusema waziwazi ni wapi ilipaswa kuwa ndefu zaidi.